"Fundi, hiyo usiifute, nimeilipia"

Hapa kwetu, tunapotengeneza kompyuta na kuwashauri watu kuhusu programu za kulipia, hii sentensi tunaisikia karibu kila wiki na huwa inakuja dakika ileile. Mteja kaleta kompyuta analalamika imekuwa nzito, tumeiwasha, tumesubiri, tumesubiri tena, tumefungua orodha ya programu zilizomo tuone nini kinakula nafasi, sasa mshale ukigusa tu jina fulani mwenyewe anaruka kwenye kiti: hiyo usiifute, nimeilipia! Tunamuuliza, unaitumia? Kimya kidogo. "Bado, nilikuwa nasubiri nitulie ndio nianze." Pembeni ya jina kuna tarehe, programu imewekwa mwaka juzi.

Hatumcheki mtu maana na sisi yametukuta. Kuna wakati tulinunua programu ya kutunza taarifa za wateja, tangazo lake lilikuwa zuri balaa, michoro ya rangi rangi, mtu anatabasamu mbele ya skrini, na ukilipia mwaka mzima unapewa miezi miwili bure. Tukalipa mwaka mzima. Wiki ya kwanza tukaingiza wateja kumi na moja. Mteja wa kumi na mbili akaja ameshika kompyuta mkononi, chaja inaning'inia, ana haraka, na ile programu haikubali kuendelea mpaka ujaze barua pepe yake, na yeye barua pepe haikumbuki, mtoto wake ndiye aliyemfungulia. Tukaandika ya uongo ili tuvuke. Wa kumi na tatu vilevile. Jioni ya siku hiyo daftari la zamani likarudi mezani, jina, namba ya simu, tatizo, basi, mistari mitatu mtu anaondoka, na lile daftari mpaka leo lipo pale pale. Programu tuliifungua tena siku moja tu, siku ilipotukata hela ya mwaka wa pili.

Sasa ukituuliza ile programu ilikuwa mbovu? Hapana, kuna watu inawafaa sana, wenye ofisi kubwa, mtu wa mapokezi, wateja wanaoandikiana nao barua pepe kutwa nzima. Sisi hatukuwa na kazi hiyo. Tulinunua dawa ya ugonjwa wa jirani. Na hapo ndipo tumefika baada ya kukaa na wateja wengi wenye majuto ya namna hii: mara nyingi programu ni nzima, ila ililipiwa kwa ajili ya kazi ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaifanya. Kama ulikuwa unaandika mapato na matumizi yako kwa mkono kila siku mpaka mkono umechoka, programu ya mahesabu utaipenda siku hiyohiyo. Kama ulikuwa huandiki kabisa, hiyo programu haitakuamsha usiku ikuambie kaa chini tuandike.

Tatizo lingine ni kwamba kulipa kwenyewe kunaleta raha. Mtu kashinda siku nzima mambo yamemvurugika, usiku yuko na simu kitandani anaona tangazo la apu ya kupanga ratiba, analipia, na papo hapo anajisikia mwepesi kama vile ratiba imeshapangwa. Ile nafuu kashaipata, kesho yake haja ya kuifungua inatoka wapi?

Hili halijaanza na programu. Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walitoa utafiti wao kuhusu wanachama wa jimu kule Marekani, wakakuta watu waliochukua kifurushi cha mwezi walikuwa wanaenda mara chache kiasi kwamba wangelipa mlangoni kila wanapokuja ingewagharimu kidogo zaidi. Na wengine walikaa zaidi ya miezi miwili wanalipa bila kukanyaga kabla hawajakata uanachama. Sasa jimu angalau ukipita barabarani unaliona jengo linakusuta. Apu iko ukurasa wa nne wa simu, haisemi kitu, inakata tu.

Na kukata huku kila mwezi hakukuwepo zamani, wenye umri wetu mnakumbuka. Ulikuwa unanunua boksi lina CD, unaweka, ni yako, ukijuta unajuta mara moja yanaisha. Adobe, wale wenye Photoshop, walipotangaza mwaka 2013 kwamba hawatoi tena toleo jipya la kununua moja kwa moja, lile la CS6 la 2012 ndio la mwisho, kuanzia hapo ni kulipia usajili, watu walipiga kelele sana lakini wengine nao wakafuata njia hiyohiyo, na 2016 Apple wakafungua mlango wa usajili kwa apu za kila aina kwenye App Store. Leo mpaka apu ya tochi inaweza kukuomba hela ya wiki. Kwa hiyo majuto siku hizi yanakuja kwa awamu.

Hapa kuna mtego mmoja tunaomba usome taratibu. Kuna kifurushi cha mwezi na kuna kifurushi cha mwaka kinacholipwa kila mwezi, na kwenye skrini ya kulipia vinafanana kama mapacha, tofauti ni maneno mawili ya kijivu chini ya bei. Cha kwanza ukiacha umeacha. Cha pili umefunga mkataba wa miezi kumi na miwili, ukitaka kutoka mwezi wa nne unaweza kudaiwa faini. Jambo hili ndilo lililofanya serikali ya Marekani, baada ya kupelekewa shauri na tume yake ya biashara, FTC, iwashtaki Adobe Juni 2024, ikidai faini ya kutoka mapema ilikuwa imefichwa na njia ya kujitoa imewekwa vikwazo, Adobe nao wakasema watayapinga hayo mahakamani. Hatuko hapa kuamua nani mkweli, tunachosema ni kwamba yale maneno madogo ya kijivu yana uzito.

Halafu kuna hili la kufuta. Jamani, kufuta apu kwenye simu hakusimamishi malipo! Tumekutana na dada mmoja aliyefuta apu ya kuhariri picha akaendelea kukatwa miezi saba, yeye alijua yameisha kwa sababu alama yake haipo tena kwenye simu. Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia kwenye malipo na usajili, utaona orodha yote. Kwenye iPhone ni mipangilio, gusa jina lako juu kabisa, utaona sehemu ya usajili. Kama ulijiunga kupitia tovuti yao wenyewe basi huko kote haitaonekana, inabidi uende kwenye tovuti yao, na ndio maana sisi huwa tunaanza na taarifa ya kadi au ya benki kwanza, hela haidanganyi. Ukiwa kwenye majaribio ya bure kwenye iPhone jitoe angalau saa 24 kabla hayajaisha, ukisubiri dakika ya mwisho umeshakatwa. Na kama umenunua kitu Play Store ukagundua sicho, wahi ndani ya saa 48, hapo kuomba kurudishiwa ni kubonyeza tu, baada ya hapo unabembelezana na aliyeitengeneza.

Kundi tunalolichukia kabisa, na hapa tutasema wazi, ni zile programu za "kusafisha" na "kuongeza kasi" ya kompyuta. Mtu analipia ya kusafisha, analipia ya kutafuta draiva (vile viprogramu vinavyoiwezesha kompyuta kuongea na vifaa kama printa), analipia antivairasi mbili kwa pamoja, halafu anatuletea kompyuta imekuwa nzito. Hizo antivairasi mbili zinachunguzana zenyewe kwa zenyewe kama walinzi wawili waliowekwa geti moja bila kuambiana, kila faili unalofungua linakaguliwa mara mbili. Windows ina ulinzi wake tayari ndani tangu Windows 8 ya mwaka 2012, unaitwa Defender, na kwa matumizi ya kawaida ya mtu anayesoma barua pepe, kuandika na kuangalia video, ukiwa unaruhusu apdeti na hubonyezi kila kitu, unatosha. Microsoft wenyewe wanasema hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, yaani lile ghala la mipangilio ya Windows.

Na zile namba nyekundu zinazosema umepatikana na matatizo 1,384 usiziogope hovyo. Mwaka 2019 Office Depot, kampuni ya Marekani inayouza vifaa vya ofisi, na wenzao Support.com walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza madai ya FTC kwamba kipimo chao cha afya ya kompyuta kiliwadanganya wateja. Kwa mujibu wa madai hayo, mwanzoni kulikuwa na maswali manne, kama kompyuta yako imekuwa nzito, kama inajizima yenyewe, mambo kama hayo, ukiweka tiki hata moja tu basi majibu yanasema kuna dalili za virusi. Yaani kipimo kilikuwa ni ile tiki yako.

Ila sio kila anayelalamika kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mama mmoja alikuja kakasirika kweli, kalipia programu ya kuhariri video, inakwama, inajifunga, picha inaruka, anataka tumsaidie kuandika barua ya kudai hela yake. Tukaangalia kompyuta: RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, gigabaiti 4. Ukurasa wa programu, ukishuka chini kabisa, umeandika inataka 16. Hakuna aliyemwambia ashuke chini. Tulimuwekea programu nyingine nyepesi ya bure ya kukata na kuunganisha, na kwa video zake za dakika tatu ikawa inamtosha, ile ya kulipia akasitisha. Wengine shida yao ni kwamba hawakuonyeshwa tu, tunakaa nao nusu saa, tunawaonyesha vitufe vitano kati ya mia mbili, wanaondoka wanaipenda programu waliyokuja kuifuta.

Kwa hiyo huduma yetu ikoje. Ukija kabla hujanunua, tunakuuliza hiyo kazi kwa sasa unaifanyaje na mara ya mwisho uliifanya lini. Ukishindwa kujibu lini, tunakushauri usubiri kwanza, ifanye mwezi mmoja kwa daftari au kwa jedwali la kawaida ndio urudi. Ukijibu vizuri, tunaiweka ile ya majaribio na tunaipa mafaili yako halisi, tena yale mabaya, yenye majina yaliyokosewa, maana mifano wanayokuwekea wao siku zote inapendeza. Halafu tunajaribu kutoka: je, taarifa zako zinatoka kwenye faili ambalo programu nyingine inaweza kulifungua? Kama kuingia ni mlango na kutoka ni tundu la sindano, hiyo achana nayo hata kama ni nzuri namna gani. Na tunaangalia kama kuna ya bure inayotosha, LibreOffice kwa kuandika na mahesabu, GIMP kwa picha, Audacity kwa sauti, 7-Zip kwa mafaili yaliyobanwa. (WinRAR nayo ipo, ile yenye siku 40 za majaribio zisizoisha miaka yote hii, kama wewe ni kati ya waliowahi kuilipia tunakuheshimu sana.)

Watu wanatuuliza pia kuhusu leseni ya maisha, ile unalipa mara moja tu. Sio mbaya, ila uliza maisha ya nani, maana mara nyingi ni maisha ya hilo toleo au ya hiyo kampuni. Office 2016 na Office 2019 za kununua moja kwa moja bado zinafunguka kwa walionazo lakini muda wake rasmi wa kupewa marekebisho ya usalama uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukija baada ya kununua, tunapitia taarifa ya kadi yako pamoja mstari kwa mstari, tunatoa taarifa zako kwenye programu kwanza ndio tunasitisha malipo, usigeuze huo mpangilio, kuna sehemu ukisitisha wanakufungia siku hiyohiyo. Panapowezekana kudai marejesho tunakusaidia kuandika. Kuhusu kufuta, uamuzi ni wako, tutakachokuambia ni kwamba ile hela ilishatoka na kuiacha programu inajiwasha kila asubuhi pamoja na kompyuta hakuirudishi, maji yakimwagika hayazoleki. Hatuchukui kamisheni kwa mtengenezaji yeyote wa programu, na kuna siku tunamwambia mtu huna shida yoyote nenda nyumbani, siku hiyo hatumdai kitu.

Ukija njoo na kompyuta yenyewe, chaja, na simu ile inayopokea ujumbe wa benki. Na tafadhali kumbuka neno la siri la barua pepe uliyojiungia, maana nusu ya saa yetu huwa inaishia kulitafuta hilo, juzi tumelikuta nyuma ya kalenda.