Barua kwa mwanangu: nani atakuwa anaangalia pumzi yako?

Mwanangu,

Shangazi yako ameniambia jana jioni. Alidhani najua. Alhamisi ijayo unang'olewa magego mawili, na umepata kliniki huko mjini itakayokupa dawa ya usingizi ili usione wala usisikie chochote. Sikumwonyesha kwamba ndiyo kwanza nasikia. Niliitikia tu, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye benchi mpaka giza likaingia.

Sitaki uache kwenda. Naanza na hilo kwa sababu najua utakavyoupokea mwandiko wangu, utasema baba kaanza. Nenda. Miaka sita umetafunia upande mmoja na kumeza vidonge vya maumivu kama mtu anayelipa deni kwa riba. Ninachokuuliza ni kimoja, na utakikuta tena kabla karatasi haijaisha: wakati daktari ameinamia jino lako, nani mwingine atakuwa anaangalia pumzi yako?

Shangazi anasema kliniki hiyo umeiona kwenye simu, tangazo limeandikwa utalala na ukiamka kazi imekwisha, na iko karibu na ofisi yako. Nikashangaa. Wewe ambaye kazini hesabu haipiti mezani kwako bila risiti, wewe ambaye bosi wako aliniambia mbele ya watu kwamba hajapata mtu makini kama binti yangu, mwili wako unaukabidhi kwa tangazo? Mji huo ni mkubwa, kliniki za meno zimejaa kila mtaa. Huo wingi ndio unaonitia hofu. Kilichoandikwa kwa rangi nzuri hakikuambii aliye nyuma ya mlango.

Usiku huohuo nilimgongea jirani yetu, yule aliyestaafu kazi ya kulaza wagonjwa usingizi hospitalini. Alinikalisha hadi wa kwake wote wakalala, na mimi nikaandika kwenye daftari la mdogo wako la hesabu, ambalo sasa analidai.

La kwanza aliloniambia ni kwamba neno usingizi kwenye tangazo halina maana moja. Kuna gesi ya kuvuta kwa pua, kuna vidonge, kuna dawa ya kupitishwa kwenye mshipa, na kuna nusu kaputi yenyewe, ambayo hushtuki hata ukichomwa. Tena hakuna ukuta kati ya hatua moja na nyingine, ni mteremko. Kipimo kinachomtuliza mwingine kinaweza kukuzamisha wewe. Kwa hiyo anayekupa dawa ya kukutuliza anatakiwa awe na ujuzi wa kumwokoa mtu aliyezama hatua moja zaidi ya ile aliyoikusudia. Waulize wanakupeleka hatua ipi, na ukizama zaidi watafanya nini. Wasipoeleweka, toka.

Gesi, ile wanayoiita gesi ya kucheka, ndiyo nyepesi. Unabaki macho, ukiulizwa unajibu, na ikifungwa ukavuta oksijeni tupu kwa dakika chache inakutoka. Jirani alinisimulia kwamba dawa hiyo ilianzia kwenye jino hasa. Desemba 1844, huko Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alikaa yeye mwenyewe kitini, akavuta gesi, akamwachia mwenzake amng'oe gego. Hakuumia. Mwaka uliofuata akaenda Boston kuwaonyesha madaktari, mgonjwa akapiga kelele, wakamzomea. Inasemwa mfuko wa gesi uliondolewa mapema. Siku hizi mashine inachanganya gesi na oksijeni, haitoi mchanganyiko wenye oksijeni chini ya asilimia 30, na anayeiendesha anaongeza kidogo kidogo huku akikuangalia usoni. Pua yako ikiwa imeziba siku hiyo haitakusaidia. Na kwa hofu yako mimi naona haitatosha, lakini wapo waliodhani hivyo ikawatosha, kwa hiyo usiidharau wakikutajia.

Vidonge sivipendi. Unameza kama saa moja kabla, na kilichomezwa hakirudi, wala hakipimwi kidogo kidogo kama gesi. Wakikuambia umeze cha pili na cha tatu ukiwa kitini kwa sababu cha kwanza hakijakukolea, kataa.

Wewe, kwa alivyonieleza shangazi, utapewa ya kwenye mshipa. Mara nyingi ni midazolamu. Inatiwa kidogo, wanasubiri, wanaangalia, wanaongeza kidogo. Unakuwa kama umelala lakini ukiitwa jina unaitika, na baadaye hukumbuki mengi. Hapo ndipo lilipo swali langu. Dawa hii ikizidi, au ikikutana na nyingine mwilini, inachosha pumzi. Haipigi kelele. Mtu anavuta hewa polepole, halafu polepole zaidi, na daktari aliyezama kwenye mzizi wa gego hawezi kuona. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa pili aliyefunzwa, ambaye kazi yake ni wewe. Asiwe yuleyule anayeshika taa, kunyonya mate na kupokea simu.

Ile klipu wanayobana kidoleni inasoma oksijeni ya damu, na ni lazima iwepo, pamoja na kipimo cha presha. Lakini jirani amenitia kitu kichwani ambacho hakitoki: ukiwa unavutishwa oksijeni, klipu inaweza kuendelea kuonyesha namba nzuri kwa muda wakati pumzi imeshasimama. Kwa hiyo kliniki zilizojipanga zina pia mashine inayopima hewa unayoitoa, pumzi kwa pumzi. Uliza kama ipo. Uliza pia kama wana flumazenili, dawa ya kuiondoa nguvu midazolamu. Na kama wangelazimika kukupa, wasikuruhusu uondoke haraka, kwa sababu flumazenili huisha mwilini kabla midazolamu haijaisha, na mtu anaweza kuzama upya akiwa njiani kwenda nyumbani. Unaona kwa nini sikulala?

Waambie kwamba unakoroma. Usione haya. Mama yako anasema uliporudi likizo ulikuwa unakoroma halafu unanyamaza ghafla, kisha unashtuka ukivuta hewa kwa nguvu. Jirani aliposikia hilo aliweka kikombe chini. Watu wa namna hiyo huhitaji uangalizi mkubwa zaidi, na wengine hufanyiwa hospitalini, si kwenye kliniki. Waambie pumu yako ya utotoni. Waambie na vidonge vile vya usingizi ulivyoanza kumeza tangu upandishwe cheo. Hivyo navijua, na sikukuuliza nilipoviona, nikakosea. Vikikutana na midazolamu vinasukuma upande mmoja. Kama wanakupangia siku bila kukuuliza lolote kati ya haya, bila kukufungulisha kinywa waangalie koo na ulimi, hao hawajajiandaa.

Na leseni. Kuwa daktari wa meno ni jambo moja, kuruhusiwa kutoa dawa za kutuliza kwenye mshipa ni jingine, na nchi nyingi hutaka mafunzo au kibali cha ziada. Mwombe akuonyeshe. Akikasirika, umepata jibu lako. Na wakikupandisha hadi nusu kaputi kamili, hiyo ni kazi ya daktari wa usingizi. Uingereza waliamua kwamba tangu mwisho wa 2001 nusu kaputi ya meno isitolewe tena kwenye kliniki, ibaki hospitalini tu. Hawakuamua hivyo bure.

Kuna kipimo cha hofu ya meno ambacho jirani alinipa, maswali matano tu: utajisikiaje ukijua kesho ni siku ya daktari, ukiwa unasubiri, ukitaka kuchongwa jino, kusafishwa, kuchomwa sindano ya ganzi. Kila swali lina alama 1 hadi 5, na mwenye jumla ya 19 kwenda juu huhesabiwa ana hofu kali. Nilijibu kwa niaba yako, nikapata 23. Kliniki inayojua wagonjwa wa hofu itakuuliza maswali ya namna hiyo kabla haijataja dawa yoyote. Itakupa pia nafasi ya kwenda siku nyingine kabla, ukae ukiwa na nguo zako, uongee, uondoke bila kuguswa, na mkubaliane alama: ukinyanyua mkono, anaacha.

Jirani akaniuliza hofu yako imetoka wapi. Nikasema pengine kwa mama yako. Akaniangalia. Mama yako haogopi daktari wa meno, na yeye anajua hilo.

Siku ile siirudii, unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Nitakuambia tu nilichojifunza usiku wa jana. Dawa hiyo ya kwenye mshipa haiondoi maumivu, ganzi ndiyo inayoyaondoa, kwa hiyo hata ukiwa umetulizwa lazima uchomwe ganzi, na uipime kabla hawajaanza. Na jino lililovimba ndani, lenye usaha, huikataa ganzi, kwa sababu nyama yenye uvimbe ina tindikali na dawa haifanyi kazi yake vizuri. Mtu anaweza kuchomwa mara mbili na bado akasikia. Nilimwuliza jirani mara tatu, hata kwa mtoto mdogo? Akasema hata kwa mtoto mdogo. Basi uliposema bado unasikia, ulikuwa unasema kweli. Sisi tulikuambia sindano imeshaingia, nyamaza. Na miguu iliyokuwa inapiga aliishika mtu aliyedhani anakusaidia.

Ndiyo maana nakuomba usingoje hadi uvimbe urudi. Shavu likianza kujaa kabla ya Alhamisi, wapigie simu siku hiyohiyo. Ukihofia, unachelewa, ukichelewa, jino linavimba, likivimba, ganzi inashindwa, nawe unathibitisha ulichokuwa unahofia. Mara tatu umeahirisha, shangazi amenihesabia. Ungeniambia mara ya kwanza nisingekugombeza. Pengine ningekugombeza, lakini ningekuja.

Kuhusu kula na kunywa kabla ya kutulizwa, fuata maandishi ya kliniki yako, si maneno ya wenzako ofisini. Kwa usingizi mzito kawaida ni muda wa saa 6 bila chakula na wa saa 2 bila hata maji. Wasipokupa maagizo yoyote, hilo nalo lihesabu.

Hapa nyumbani hatujambo. Paa la jikoni linavuja tena palepale fundi alipoapa amepaziba, mama yako ameweka ndoo na usiku tunaisikia. Mdogo wako amepata namba nne darasani, hesabu imemwangusha, anasema ni kwa sababu daftari lake nimelijaza meno. Mashine ya kushona imetengenezwa. Mama yako anataka umpelekee vipimo vyako vya sasa kwa sababu anasema umekonda, na mimi nikamwambia mtu anayetafunia upande mmoja atanenepaje.

Lile jambo la mwisho. Jirani anasema hawatakuruhusu kuondoka peke yako, lazima awepo mtu mzima wa kukupokea na kukaa nawe mpaka kesho yake. Kliniki isiyouliza nani atakuja nawe, usiiingie. Hutaendesha gari kwa saa 24, hutatia saini karatasi yoyote, na maelekezo watakayokupa ukiamka utayasahau, kwa hiyo huyo mtu ndiye atakayesikiliza na kuandika. Naweza kuwa mimi. Nimeshazoea kuandika. Nitakaa nje ya mlango, au ndani ukinitaka ndani, na sitakugusa mpaka uniite. Ila wakinikubalia kusogea kabla hawajaanza, nitamwuliza yule mtu wa pili jina lake na nitamwambia kazi yake ni kukuangalia wewe.

Kama hungependa niwe mimi, nitaelewa, wala sitauliza. Nitajie tu nani, na kama huyo mtu wa pili yupo.

Fundi wa paa nimemwambia aje wiki inayofuata, ili Jumatano na Alhamisi niwe na nafasi. Nijibu kabla ya Jumapili nikate tiketi.

Baba yako