Barua kwa mwanangu: Madoa akizaa usimwamini

Mwanangu,

Goti bado limevimba, kuinuka kitandani tu ni kazi, kwa iyo msimu huu ng'ombe wakizaa ni juu yako, mi ntakuwa mtu wa simu. Najua utasema baba hawa ng'ombe si nimekua nao, ndo hicho hicho kinachonitia wasiwasi.

Sijawahi kukusimulia vizuri siku ile. Madoa nimemkamua miaka sita, ukimwita anakuja mwenyewe, watoto wanamkuna shingo anafumba macho. Sasa alikuwa na ndama wa masaa matatu, mi nikaingia zizini na hereni ya sikio na dawa ya kitovu, nikamlaza ndama chini, mama mtu nikampa mgongo. Ndama akalia mara moja tu. Hatua sikuzisikia kabisa, nashtukia ubavu umegonga nguzo afu niko chini naangalia kwato, moja ikatua kwenye goti. Kilichoniokoa ni lile pengo chini ya uzio, nikabingirika kama pipa (usicheke). Dakika kumi baadae namwona kasimama na mwanae anacheua zake, hana habari.

Mama yako akataka auzwe kesho yake. Mi nikakataa manake kosa lilikuwa langu, ng'ombe akishazaa si yule uliyemzoea, mwili wote umegeukia kwa ndama na yeyote anayemliza mwanae ni fisi tu, ata kama ndo anayempa majani kila siku. Wa kuuza ni yule anayekukimbiza ukipita tu hujamgusa mtoto wake, huyo mwaka unaofuata anarudia, sisubiri.

Kwa iyo we angalia kichwa na masikio. Akiwa analamba ndama na kumlia kwa ile sauti ya chini ya tumboni, yuko sawa, kaa mbali umwache. Akiacha kulamba akakukazia macho, kichwa kikashuka, akapuliza pua au akaparua udongo, hapo umeshachelewa kidogo, rudi kinyumenyume taratibu bila kumpa mgongo, usikimbie mpaka uwe umefika uzioni. Na usimtokee nyuma, ng'ombe anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, njoo kwa ubavuni anakuona, ongea naye ukiwa bado mbali. Mbwa mfunge, mbwa akiingia ng'ombe anamfukuza afu mbwa anakimbilia wapi? Kwako.

Hereni inaweza kusubiri ata kesho. Kisichosubiri ni dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Ndama mzima anasimama ndani ya saa moja hivi, anyonye ndani ya masaa mawili ya kwanza, yakifika sita hajanyonya ndo unaingilia kati, manake kinga ya ile dang'a utumbo wake unaipokea vizuri masaa ya mwanzo tu na ikifika kama siku moja mlango umefungwa. Ukimwona keshanyonya, mkia unachezacheza, toka nje ukanywe chai, mambo mengi tunayafanya mapema kwa kiherehere chetu tu.

Ukilazimika kumshika, kwa mfano kitovu kinataka dawa, usiingie ukiwa peke yako na usisimame katikati yake na mama yake hata sekunde moja. Mvute ndama kwa chini ya uzio aje upande wako, mama abaki upande wa pili lakini amwone na amnuse, ukimpeleka asikoonekana ndo unamtia wazimu kabisa. Paka dawa, mrudishe, maliza. Akilia sana muachie kwanza.

Yule mtamba mweusi ndo ananinyima usingizi. Alipandishwa nikiwepo, nimehesabu siku 283 zinaangukia wiki ijayo, wanapishana siku chache mbele au nyuma. Kiwele kikijaa, pale kwenye shina la mkia pakilegea, akajitenga na wenzie, ujue tayari. Chupa ya maji ikishatoka mpe nafasi, ni uzazi wake wa kwanza anaweza kuchelewa, ila masaa mawili yakipita hakuna maendeleo, au kwato zimetoka afu pua haifuati, au mkia ndo unatangulia, mpigie daktari wa mifugo usijaribu ubabe. Na hawa wa kwanza hawatabiriki, mwingine anamkimbia ndama kwa hofu, mwingine anageuka simba, so usimhukumu kabla hujamwona.

Kondo kawaida linatoka ndani ya masaa 12. Likipita siku nzima usivute, mwite daktari, na chochote kilichotoka pale shika na glavu manake kuna magonjwa ya ng'ombe yanayompata na mtu.

Madoa naye ni mwezi ujao. Ukinipigia siku hiyo usianze na salamu ndefu, niambie tu umesimama upande gani wa uzio.

Halafu komeo la geti la nyuma linakwama, mi lilinishinda siku ile ndo nikaishia kupita chini. Lipake grisi leo, kabla ya kitu chochote kingine.

Baba yako