Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tagi za Kukodi katika Vita vya Rufiji

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha historia ya bahari. Kamati yenu iliamua kuutumia mwaka huu karibu wote kuchunguza jambo moja, nalo ni kazi ya tagi, yaani boti za kuvuta meli bandarini, zilizokodiwa na jeshi la majini la Uingereza na kuja hadi Mafia mwaka 1915.

Wengi wetu tumekua tukisikia habari za Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji baada ya kuiangamiza Pegasus, manowari ya Kiingereza, bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata ndani kwa uchache wa maji, ndipo zikaletwa Severn na Mersey, manowari za mtoni zilizoundwa Barrow kwa ajili ya Brazili, ambazo ziliweza kupita juu ya mafungu. Lakini sifa hiyohiyo iliwatia mashaka waliozisafirisha, kwani chombo chenye tumbo bapa hakistahimili mawimbi ya bahari kuu. Tagi za kiraia, miongoni mwao Blackcock, Sarah Jolliffe na T. A. Jolliffe, zilizozoea kuvuta meli za biashara katika bandari ya Liverpool, ndizo zilizotumika katika safari ya kuzikokota kutoka Malta kupitia Suez na Bahari ya Shamu hadi Mafia, walikofika mwanzoni mwa Juni.

Wanachama wenzetu waliofanya kazi ya tagi walitueleza ugumu wa safari kama hiyo, hasa katika majira ambayo kusi imekwisha kushika: tagi ikipanda wimbi wakati chombo cha nyuma kinashuka, kamba hukazika ghafla na huweza kukatika, na hapo baharia aliye karibu nayo yumo hatarini. Kwa maoni yangu, bila mabaharia hao wa kukodiwa mashambulizi ya tarehe 6 na 11 Julai, yaliyomfanya Kapteni Max Looff, kamanda wa Königsberg, aizamishe meli yake mwenyewe, yasingewezekana. Hata hivyo masimulizi mengi huanzia kwenye mizinga na kuwaacha wao nje.

Hesabu za chama zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma baada yangu.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza tufuatilie tagi ya Kijerumani Adjutant, iliyotekwa na Waingereza mwaka 1914, kisha ikarudi mikononi mwa Wajerumani hukohuko Rufiji Februari 1915. Tungependa pia kukusanya simulizi za wazee wa delta na wa Mafia kabla hazijapotea. Naomba mkutano huu ujadili mapendekezo hayo mawili na kuyapigia kura.