Mheshimiwa Waziri, mlilana si mkoko

Kwa Waziri wa Mazingira, Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Jomvu Kuu. Mwaka jana tuliteremka horini, kwenye mkono wa bahari, na wageni waliovaa fulana za rangi moja, tukapanda mikoko kwenye tope la mbele kabisa. Nami nilipanda, nikapigwa picha. Mzee mmoja aliyeketi ukingoni mwa dau lake aliguna: "Hapo ni pa mlilana." Hakuna aliyemjibu. Miezi michache baadaye tulibaki na vijiti vikavu.

Mgeni huiita miti yote hii ya maji ya chumvi mikoko. Sisi tuliolelewa na tope hili, kila mti tunaujua kwa jina na kazi. Mlilana ndio unaotangulia baharini. Matawi yake yamepinda, na fundi wa vyombo huyatafuta kwa mataruma, yaani mbavu za chombo. Mizizi yake inayochomoza topeni ni myepesi, wavuvi huichonga maboya ya nyavu. Nyuma yake ndipo mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa, na huko ndiko zilikokatwa boriti. Ingia nyumba yoyote kongwe ya mawe pale Mji wa Kale: chumba kirefu, lakini chembamba. Upana huo uliamuliwa na boriti, maana dari haiwezi kupita urefu wa mti. Ziliuzwa kwa korija, ishirini ishirini, tangu nyembamba za fito, pau na mazio mpaka nene za boriti na nguzo, na majahazi yakazipeleka Arabuni hadi serikali ilipopiga marufuku mwaka 1982. Magome ya mkandaa yalitumika kutia rangi na kutengeneza ngozi. Tunda la mkomafi bibi alituchemshia tukiumwa na tumbo. Uchungu wake siusahau.

Kwa nini basi hupandwa mkoko tu? Kwa sababu mche wake huning'inia mtini ukiwa tayari, mrefu. Unauchuma, unauchomeka, umemaliza. Tunda la mlilana lina mbegu ndogo ndogo tele, zinazotaka kitalu na subira. Na mkoko ukiwekwa pasipo pake haustahimili. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilituonyesha kule hori la Mwache kwamba tope likibadilika hata mti uliokomaa hushindwa: mchanga na udongo ulifukia mizizi, ikakosa pumzi, miti ikafa imesimama.

Ninaloomba ni dogo. Kabla ya kikundi chochote kupewa kibali cha kupanda, kipite kwanza kwa wavuvi na mafundi wa sehemu ile, waonyeshe mti upi ukae wapi. Kaunti itusaidie kitalu cha mlilana na cha mchu, mti mwingine wa jamii hii. Tena miche ihesabiwe baada ya mwaka, si siku ya kupigwa picha.

Ukipata nafasi, njoo siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakishatoka, na viatu uviache garini. Yule mzee bado yupo, na dau lake ni lile lile.

Wako,
Mkaazi wa Jomvu Kuu