Barua ya wazi kwa wanangu mnaosoma kemia

Wanangu,

Salamu zenu nimezipokea, marahaba. Sasa nina neno, na si tamu.

Nimesahihisha rundo la karatasi zenu nikaishia kushika kichwa. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: gramu 28 za naitrojeni zinahitaji gramu ngapi za hidrojeni ili zote ziwe amonia? Mlinganyo mmeuandika vizuri, N₂ + 3H₂ → 2NH₃. Halafu, karatasi baada ya karatasi, nakuta 28 × 3 = 84. Gramu 84! Jibu ni 6.

Hiyo 3 iliyo mbele ya hidrojeni haijui gramu ni kitu gani. Inahesabu molekuli: moja ya naitrojeni kwa tatu za hidrojeni. Na kwa kuwa molekuli hazihesabiki kwa vidole, tunazihesabu kwa moli, kama mayai yanavyohesabiwa kwa dazeni, ila moli moja ina molekuli 6.02 × 10²³. Moli moja ya naitrojeni ina gramu 28. Moli tatu za hidrojeni, kila moja gramu 2, ni gramu 6. Zinatoka moli mbili za amonia, kila moja gramu 17, jumla 34. Tazameni basi: zimeingia moli nne zikatoka mbili, na hakuna kosa lolote. Gramu ndizo zinazopaswa kulingana, na zimelingana, 34 kwa 34.

Kwa hiyo geuzeni gramu ziwe moli, pitisheni moli kwenye uwiano, ndipo mrudi kwenye gramu. Mnaruka hatua ya katikati mnakimbilia wapi?

Mengine nayataja tu. Sawazisheni mlinganyo kabla ya kugusa kikokotoo. Namba ndogo za chini msiziguse: H₂O ukiiongezea oksijeni moja inakuwa H₂O₂, na hayo si maji tena. Gesi ya hidrojeni ni H₂, si H. Andikeni vipimo.

Lawama si zenu peke yenu. Sisi wakubwa tumewakaririsha fomula ili mtihani upite. Anayejibu haraka tunampigia makofi, anayeuliza, "Mwalimu, hiyo tatu ni tatu za nini?" tunamwambia asitupotezee muda. Kumbe huyo ndiye aliyekuwa anasoma kemia, wengine walikuwa wananakili ubaoni. Ulizeni, wanangu, hata mkichekwa.

Nawaachia zoezi. Mna gramu 10 za hidrojeni na gramu 32 za oksijeni, tengenezeni maji. Tafuteni kwanza kipi kitakwisha na kipi kitabaki, na kitabaki kiasi gani. Atakayeniletea gramu 42 za maji, karatasi yake nitamrudishia palepale.

Ni mimi, mwalimu wenu mzee.