Taarifa ya Mwenyekiti wa Kamati ya Haki na Huduma kwa Mwaka wa 2024

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama, akina baba na vijana, na wana ushirika wote: Bwana asifiwe.

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina, na mkaguzi ameshazitia sahihi, kwa hiyo mimi sitazigusa. Nitaeleza kazi. Nianze na swali ambalo wengi wenu mmeniuliza pale langoni baada ya ibada: zimeenda wapi picha za watu wakipokea unga, zilizokuwa zikibandikwa kwenye ubao wa matangazo? Kamati iliamua kuziacha. Mama anayekuja kuchukua unga na mafuta ya kupikia hajaja kupigwa picha, na mwanawe huketi benchi moja na watoto wetu katika shule ya Jumapili. Waliochanga wana haki ya kujua kwamba vitu vilifika, na kwa hilo lipo daftari la sahihi ambalo yeyote anaweza kulifungua. Najua baadhi ya wazee hawakupendezwa. Nimewasikia, na bado naona uamuzi ulikuwa sawa.

Mpango wa mwaka tulioupitisha mkutano uliopita uliharibiwa na mvua. Mwishoni mwa Aprili Mto Mathare hapa Nairobi ulivunja kingo, Mto Ngong ukaingia mtaa wa mabanda wa Mukuru, na kabla hatujakutana kama kamati tayari kulikuwa na familia zimelala ukumbini. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili. Serikali ikasogeza mbele, ikasogeza tena, hadi zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kwetu ucheleweshaji huo ulikuwa nafuu na mzigo pamoja: madarasa ya shule ya Jumapili yalikuwa wazi kwa watu kulala, lakini watoto walishinda hapa mchana kutwa bila la kufanya, hadi vijana walipoamua kuwapangia masomo na mpira. Akina mama walipika kwa zamu. Hawa nawashukuru bila kutaja jina hata moja, maana nikitaja mmoja nitaulizwa kuhusu kumi.

Neno kuhusu nguo. Tulizidiwa na nguo. Kuna mtu alileta tai za hariri na viatu vya visigino virefu kwa watu ambao nyumba zao zilikuwa zimejaa matope. Tulichokosa ni sufuria, blanketi, sodo, nepi na sare za shule. Nawaomba, siku ya dharura msifungue kabati kwanza. Pigeni simu kwa katibu muulize kinachohitajika.

Maji yalipopungua ndipo kazi ngumu ilipoanza. Tarehe 30 Aprili baraza la mawaziri liliamuru watu waliokuwa kando ya mito wahame, kisha tingatinga zikafuata. Serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa. Sasa fikirieni mpangaji wa chumba cha mabati: hana mkataba wa nyumba, kodi hulipa kwa simu, na kitambulisho kimesombwa na maji. Atathibitishaje kwamba aliishi pale? Tuliweka meza mbili chini ya mti. Moja ilikuwa ya kuandika barua pamoja na wazee wa mtaa wanaowajua watu wao, na nyingine ya kusaidia kupata abstrakti ya polisi (hati ya kuonyesha kwamba umeripoti kitu kilichopotea), kitambulisho kipya na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kazi hiyo haina harufu ya chakula wala shangwe, na wajitolea walipungua kila wiki. Lakini ukiniuliza ni nini kilichowafaa watu wale zaidi mwaka mzima, nitakuonyesha meza zile kabla ya sufuria za pilau. Pilau iliisha siku ileile. Aliyepata kitambulisho aliweza kusajili laini ya simu, kwenda hospitali na kuomba kibarua.

Ikaja Juni. Ushirika wetu haukuwa na msimamo mmoja kuhusu maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kuongeza kodi, na sitajifanya kwamba ulikuwa nao. Kuna wazazi waliofunga milango watoto wasitoke, na kuna wazazi waliotoka nao. Kamati haikuandamana wala haikumzuia kijana yeyote. Tulichofanya ni kuwasomea vijana Ibara ya 37 ya Katiba, inayowapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na Ibara ya 49, inayosema anayekamatwa aelezwe sababu, awasiliane na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Tulipanga mawakili wa ushirika wetu kwa zamu za simu. Baada ya tarehe 25, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, simu hizo hazikulala. Kesho yake Rais alikataa kutia sahihi mswada, lakini wazazi walikuwa bado wanazunguka vituoni kutafuta watoto. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai. Tuliwasaidia waliojeruhiwa kuandikisha taarifa, kupata namba ya OB (daftari la matukio la polisi) na kujaziwa fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha kwa ajili ya polisi, kwa sababu jeraha lisiloandikwa popote ni vigumu kulidai mahakamani baadaye.

Jioni moja ya Julai tuliwaalika vijana waseme na wazee wasikilize. Ilikuwa jioni ndefu. Waliuliza kwa nini mwanasiasa akija na bahasha hupewa kipaza sauti ilhali wao huambiwa wangoje zamu yao. Nakiri sikuona mzee aliyekuwa na jibu la kuwaridhisha. Wenzetu Waanglikana walikuwa wameshawazuia wanasiasa kuhutubia madhabahuni tangu 2021. Kisha Novemba Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi akatangaza kurudisha fedha ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa moja la Soweto, Kayole. Baraza letu la wazee likakubali pendekezo la kamati: hakuna harambee yetu itakayokuwa na mgeni wa heshima wa kisiasa, na mwanasiasa akitaka kutoa, atatoa kama muumini mwingine, bahashani, bila hotuba.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama na tuseme wazi. Harambee ya kambi ya matibabu ilipata kidogo kuliko tulivyozoea. Hatukukodi hema, watu wakapanga foleni juani, na dawa za shinikizo la damu ziliisha kabla ya saa nane mchana. Wapo watakaosema tungechukua hela tu. Mimi nasema mwaka huu tuanze kuchanga mapema.

Kambi hiyo ilitufunza jambo jingine. Bima ya afya ya NHIF iliisha, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake ni ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Wengi waliofika walikuwa wamejisajili kwa simu, *147#, wakadhani wameshalipa. Kujisajili hakulipii kitanda cha hospitali. Aliye na mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ila hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Kwa mama mboga hizo ni pesa za mtaji. Baadhi ya vikundi vya nyumbani vimeanza kuzikusanya kidogo kidogo kama chama, kisha wanalipia mwanachama mmoja baada ya mwingine. Wazo ni lao, si letu, na vikundi vingine vingefanya vyema kuliiga.

Sasa nifike kwenye ajenda iliyoniletea simu nyingi kuliko mafuriko na maandamano yakiwekwa pamoja.

Mwezi Agosti tuliandaa mazungumzo na wafanyakazi wa nyumbani na akina mama fua wanaofanya kazi mitaa hii. Tulichagua Jumapili alasiri tukidhani ndiyo siku yao ya kupumzika. Waliofika walikuwa wachache, nao wakatueleza kwa nini: Jumapili ndiyo siku wageni huja nyumbani kula, kwa hiyo ndiyo siku yenye vyombo vingi. Wengi wa waajiri hao ni sisi tulioketi humu. Binti hubaki akipika ili sisi tuje kuimba.

Sheria ya Ajira ya 2007 haina utata. Mfanyakazi apewe angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo, na mwanamke anayejifungua apewe miezi mitatu yenye mshahara. Mishahara ya chini iliongezwa asilimia 6 kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, na kwa mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi ikawa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Juu ya hapo kuna akiba ya uzeeni ya NSSF, SHA na ushuru wa nyumba, ambao mwajiri naye huchangia. Tulipochapisha viwango hivi kwenye karatasi ya matangazo, mwana ushirika mmoja aliniambia kamati sasa imeingia hadi jikoni kwa watu. Ni kweli, imeingia. Yakobo katika sura ya tano aliingia shambani kwa watu, akasema ujira uliozuiwa wa waliovuna unapiga kelele. Sioni kwa nini jikoni pawe mbali zaidi.

Nimesikia pia hoja yenye uzito. Mwalimu mwenye watoto wawili wadogo, akishakatwa kodi na mkopo wa chama cha akiba, anabakiwa na kiasi ambacho kulipa 16,000 humaanisha yeye mwenyewe asifike kazini. Huyu si mnyonyaji, amebanwa pande zote mbili. Kamati haina pesa za kumpa. Tulichopendekeza ni hiki: ikiwa huwezi kulipa mtu wa mwezi mzima, umwajiri wa siku chache, umlipe vizuri siku hizo na umwache aende kwake, au nyumba mbili tatu zinazopakana ziungane ziajiri mlezi mmoja kwa mshahara halali. Tayari kuna majirani wamejaribu, na ugomvi wao mkubwa hadi sasa ni nani anunue maziwa. Lisilokubalika kwa maoni yangu ni mtu mwenye gari mbili kusema hawezi. Tumeandaa fomu fupi ya mkataba kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, inayotaja mshahara, siku ya mapumziko na likizo. Anayetaka kujua zaidi kuhusu chama cha wafanyakazi hao aulize, tutamwelekeza kwa KUDHEIHA.

Mengine nitayapita haraka. Tulitembelea Gereza la Wanawake la Lang'ata mara mbili, tukabeba sodo, sabuni na nepi, kwa kuwa watoto walio chini ya miaka minne huruhusiwa kukaa na mama zao mle. Chakula cha mchana tulichokuwa tukipeleka katika shule ya msingi ya serikali tumekisimamisha, maana jikoni za Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha shule, sasa zinaifikia na mtoto hulipa shilingi 5 tu. Pesa hizo tumezihamishia kwenye shule ndogo ya binafsi iliyo Mukuru, ambayo mpango huo hauihusu. Krismasi tuligawa unga, mchele na sukari kama kawaida. Siku hiyo wajitolea walijaa hadi wakakanyagana, na ningependa kuwaona wale wale Machi na Agosti.

Kuhusu Mahakama ya Makadara: dawati letu la kufuatilia kesi ndogo lilikaa bila mtu wiki nyingi. Hili linaniuma. Kuna watu huketi rumande Industrial Area kwa kukosa dhamana ya elfu chache, wakati Ibara ya 49 inakataza kabisa kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Aidha sheria ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kutoa kazi ya jamii badala ya jela kwa makosa madogo. Haki hizo husahaulika pale mshtakiwa anaposimama kizimbani peke yake, hajui kuuliza, na jamaa zake hawajui yuko wapi. Anayejitolea si lazima awe wakili. Anahitaji kujua kusoma orodha ya kesi iliyobandikwa mlangoni, kuandika majina, kupiga simu kwa jamaa, na kuwa na asubuhi moja kwa wiki. Wastaafu, nawatazama nyinyi.

Naomba mkutano huu upitishe maazimio matatu. La kwanza, uamuzi wa wazee kuhusu wanasiasa na harambee uandikwe katika kanuni za kamati ili mwenyekiti ajaye asiubadilishe kimya kimya. La pili, sehemu ya sadaka ya Krismasi itengwe kwa nauli na chai ya wajitolea wa Makadara na wa meza ya makaratasi. La tatu, kila anayegombea nafasi katika kamati hii, pamoja na baraza la wazee, awe ameandikiana mkataba na mfanyakazi wake wa nyumbani ikiwa anaye. Hili la tatu najua litajadiliwa sana, na nimemwomba mchungaji atupe muda wa kutosha kulijadili kabla ya kura.

Kipindi changu kinaisha leo na sitagombea tena. Fomu za mikataba, za wajitolea na za uteuzi ziko kwa katibu, meza ya nyuma kando ya mlango wa ofisi.