Maji ya tope hayaonyeshi chini

Mhariri,

Juzi mvua ilipokatika nilisimama kando ya njia iliyofurika, nikimtazama kijana mmoja akikunja suruali. "Yananifika kifundoni tu," alisema. Hatua ya tatu akazama hadi kifuani. Mfuniko wa mtaro ulikuwa umeshasombwa. Tulimvuta kwa mwavuli. Ungevunjika, sijui.

Kina ndicho kinachotudanganya. Maji ya sentimita 15 tu, yakienda kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 hubeba magari mengi, hata yale makubwa ambayo wenyewe huyaamini mno. Tope nalo huficha barabara iliyomegeka kwa chini, vioo, vyuma, pengine waya wa umeme uliokatika. Na hata ukivuka salama, kama una kidonda mguuni, vijidudu vya mkojo wa panya vinaweza kukulaza kwa homa siku kadhaa baadaye.

Wapo wanaotanguliza fimbo. Afadhali, ila fimbo haipimi nguvu ya mkondo.

Mimi siku ile nilizunguka njia ndefu. Nilichelewa kazini saa nzima, na bosi alininunia hadi jioni.

Ni mimi,
Mtembea kwa miguu